Msimu Chorongo Wanaponenepa

9 Machi

Daftari hili nilipewa kwa ajili ya chorongo, kima wetu wakubwa wenye manyoya mazito. Upande wa mbele kuna safu alizonichorea Ximena, mtaalamu wa wanyama anayekuja kwa ndege kutoka mji wa Puyo kila baada ya miezi miwili: saa, mti, wangapi, wanakula nini, wanafanya nini. Leo nimeligeuza. Huku nyuma naandika yangu mimi, Zoila Dahua, kwa sababu nyumba ina mgonjwa na sina wa kumwambia.

Mvua tangu jana. Baba alikunywa wayusa, chai yetu ya majani ya msituni, nusu kikombe, akaitapika.

11 Machi

Mvua ilikatika asubuhi, nikapanda Kilima cha Chumvi. Ishirini na tatu. Wametimia wote: madume wanne, majike tisa, waliobaki ni vijana na watoto wanaotembea wenyewe; anayebebwa bado hatumhesabu. Walikuwa wametawanyika juu, kila mmoja na mti wake na tunda lake. Chorongo hawali kwa kubanana. Unasikia tu wanavyoitana kwa ile sauti yao inayotetemeka, huyu anamjulisha yule kwamba niko hapa, nawe uko wapi.

Hawanikimbii tena. Ilinichukua miezi kumi na minne. Mwanzoni madume walikuwa wakitikisa matawi, wakivunja vijiti na kunirushia, na mkojo juu yake. Sasa dume mkubwa ananitazama, anasugua kifua chake kwenye tawi, anaendelea kula.

Ximena alinikataza kuwapa majina. Nimempa mmoja tu, Sikio, kwa sababu sikio lake la kushoto limechanika. Ana mtoto wa mwezi mmoja hivi, rangi ya jani kavu, amemng'ang'ania tumboni kwa mikono ambayo haijafika hata ubavuni. Sikio alikuwa ananing'inia kwa mkia peke yake, miguu na mikono yote huru, akichuma matunda huku na huku kana kwamba mkia ule ni mtu mwingine anayemshikilia.

Hawa ndio chorongo pekee waliobaki mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Miaka mitatu iliyopita mkutano wa kijiji ulipiga marufuku kuwawinda. Mimi ndiye niliyesimama kusema, na mimi ndiye niliyepewa kuwalinda. Mkono wa mdogo wangu Absalón ndio uliokuwa wa mwisho kuinuka.

14 Machi

Mvua. Sikwenda.

15 Machi

Mvua.

18 Machi

Muuguzi wa zahanati alimbonyeza Baba tumboni, kisha akanivuta nje. Ini, akasema. Ndege ikitua apelekwe hospitali Puyo. Niliporudi ndani Baba alikuwa ameshajua.

"Wakanifanye nini huko?"

"Wakutibu, Baba."

"Nina miaka mingapi?"

"Themanini na mbili."

"Basi niacheni niende huku nasikia mto."

Baadaye alitaka nimsomee safu zangu za mbele. Baba hajui kusoma, lakini kila mara ananisahihisha.

"Hapo umeandika wanapigana. Walikuwa wanatikisa vichwa hivi, meno nje?"

"Ndiyo."

"Huo ni mchezo, mama. Futa. Chorongo hawapigani ovyo. Dume na dume mwenzake wanakaa tawi moja, wanakumbatiana kama walevi. Madume wanabaki nyumbani, majike ndio wanaoondoka. Jike akipevuka anaaga kimya kimya, anakwenda kutafuta kundi la watu wengine. Kama binti yako."

Binti yangu Yesenia ameolewa chini ya mto. Sijamwona mwaka wa pili huu.

"Yesenia hakuaga kimya kimya, Baba. Alilia mpaka mume wake akataka kumrudisha."

Alicheka, kisha akashika ubavu. Alipotulia alisema, akitazama paa: "Unajua kwa nini wamebaki ishirini na watatu? Jike anazaa akiwa na miaka saba, minane. Mtoto mmoja. Anambeba, anamnyonyesha, mpaka azae mwingine miaka mitatu imepita. Nilikuwa nalijua hilo tangu kijana. Nikawa nalijua na bado napiga. Mimi ndiye niliyewamaliza, Zoila. Mimi na wenzangu, lakini wenzangu walikuwa hawana shabaha."

Nikafuta neno "wanapigana."

27 Machi

Ishirini na tatu. Matunda bado machache. Wanakula majani machanga, wamekaa tu, matumbo mbele, wavivu kama wazee wa kikao.

2 Aprili

Baba anakula mihogo iliyopondwa na mchuzi wa samaki. Vijiko vinne.

9 Aprili

Matunda yameiva. Kwa siku mbili kilima chote kinanukia. Nilikaa chini ya mti mmoja tangu asubuhi hadi mchana, mbegu zikinidondokea kichwani. Wanameza tunda zima na mbegu yake, halafu wanakwenda kuiacha mbali, kwenye kilima kingine, na huko inaota. Baba anasema msitu huu umepandwa na matumbo yao.

Mtoto wa Sikio ameanza kutazama. Aligeuza shingo akaniona, akaficha uso kwenye manyoya ya mama yake, akanichungulia tena.

16 Aprili

Vijiko viwili.

20 Aprili

Alfajiri tulikaa motoni na wayusa kama kawaida, kila mtu aeleze alichoota. Absalón alikuwa amekuja na mkewe Norma. Baba alisema ameota yuko mtoni anaoga, na mgongo wake umeota manyoya.

Norma akasema, "Ni homa hiyo, Baba."

"Si homa. Ni mwezi wa chorongo kunenepa." Akatazama moto. "Ningepata supu yao. Ile yenye mafuta juu, ya manjano. Mama yenu alikuwa anaipika na mihogo tu, bila kitu kingine. Bakuli moja. Nikishaipata hiyo sitawasumbua tena."

Absalón alinitazama mimi, si Baba.

Alinifuata bustanini nilipokwenda kuchimba mihogo.

"Umemsikia."

"Nimemsikia."

"Wako wapi sasa?"

"Absalón, mkutano ulikubaliana."

"Mkutano hauna baba mgonjwa. Nakuuliza wewe, dada. Kilima ni kikubwa, nitazunguka wiki nzima. Wewe unajua mpaka mti wanaolala."

"Ndiyo sababu siwezi kukwambia. Nikisema mimi, nani atanyamaza kesho?"

Aliutupa muhogo aliokuwa ameushika. "Kima umewapa majina. Baba yako humjui hata anachotaka kula."

Nilichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nimepanda Kilima cha Chumvi saa nne. Ishirini na tatu.

24 Aprili

Mvua.

25 Aprili

Mvua. Kiwanja cha ndege kimejaa maji.

3 Mei

Absalón amerudi. Alikwenda ng'ambo ya vilima, siku mbili kwenda na mbili kurudi, ambako marufuku haifiki. Miguu yake imevimba. Hakupata chorongo hata mmoja. Ameleta nguruwe mwitu na ndege wawili. Norma akapika supu ya nguruwe na mafuta mengi, tukadhani tutamdanganya mzee.

Baba alionja. "Nguruwe," akasema kwa upole. "Asanteni, wanangu." Akafunga mdomo.

Absalón alitoka akakaa kwenye mvua, mtu mzima wa miaka arobaini, mikono kichwani.

7 Mei

Hajala. Nilimnyoa ndevu. Uso umebaki mfupa.

Kundi lote limenenepa. Sikio akikaa, tumbo linafurika pande mbili na mtoto amekaa juu yake kama mtu aliyekalia gunia. Niliwatazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu niliwaza nyama. Nikashuka mapema.

10 Mei

Usiniulize, nilimwambia Absalón aliponikaribia mtoni. Akasema, sijakuuliza kitu. Akachota maji yake akaenda.

12 Mei

Nimesema.

Nilikuwa namenya mihogo. Baba alikuwa ndani anaita mama yetu, aliyekufa mwaka wa kumi na mmoja sasa, akimuuliza kama supu imeiva. Hakuwa anaigiza. Absalón alikuwa kizingitini ananoa panga ambalo tayari lilikuwa kali.

Nikasema bila kuinua kichwa: "Juu ya chemchemi ya pili. Mti wenye mizizi kama kuta. Wanaamka jua likishawapata."

Panga likanyamaza.

"Dume," nikasema. "Dume mzee. Wako wanne, watabaki watatu, hakutaharibika kitu. Manyoya yake ni meusi kwenye kichwa na ana kifua kilichopauka. Usipige jike. Absalón, unanisikia? Usipige jike."

"Nimekusikia, dada."

"Na usipige kama huoni vizuri."

"Nimewinda tangu nina miaka tisa."

"Niahidi."

Akaniahidi. Nadhani aliahidi kwa moyo wake wote.

13 Mei

Nitaandika kama alivyonieleza, kisha nitakachokumbuka mwenyewe.

Aliwakuta walipokuwa wanajinyoosha juani. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka wote. Alimwona dume mzee, kifua kilichopauka, na mwenzake wamekaa bega kwa bega. Hawakukimbia. Absalón alilirudia hilo mara tatu: hawakukimbia, dada. Walimwona mtu chini, wakaendelea kujikuna, kwa sababu kwa miaka mitatu mtu wa chini alikuwa mimi. Akapiga. Yule mwenzake alikuwa ameshainama kumkumbatia yule mzee, au kuchuma kitu, hajui. Dume aliruka. Aliyebaki tawini alikuwa mwenzake.

Hakuanguka. Alining'inia kwa mkia, kichwa chini, amekufa. Zamani Baba aliwinda kwa mrija wa kupulizia mishale ya sumu, na sumu hulegeza mkia. Risasi hailegezi. Chorongo anakufa ameshika. Kundi zima lilikuwa linapiga kelele na kukimbia kwenye vilele, na yeye alikuwa ananing'inia pale, anazunguka polepole, na alipozunguka Absalón akaona kitu cha rangi ya jani kavu tumboni.

Alipanda. Ilimchukua muda mrefu. Anasema alilazimika kuufungua mkia kwa mikono yake miwili, pingili moja moja, na mtoto akiwa anamwangalia.

Alipoutua mzigo niliona sikio lililochanika kabla sijaona kingine.

Sikupiga kelele. Norma alinitazama kama anayeogopa kwamba nitapiga. Nilichukua sufuria. Kuna mambo mwili unayajua wenyewe: nilichoma manyoya, nikakwangua, nikakata, nikaweka mihogo, na chumvi, bila kitu kingine. Mafuta yakapanda juu, ya manjano. Mtoto nilikuwa nimemtia kwenye kikapu na fulana yangu, nyuma ya mlango.

Baba alinusa kabla sijafika kitandani. Macho yake yalirudi. Nilimwegemeza kifuani mwangu nikamnywesha. Kijiko kimoja. Akafumba macho. Cha pili. Cha tatu. Machozi yalimtoka, na mimi nikafikiri, basi, ilistahili. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Kisha akaushika mkono wangu wenye kijiko.

"Jike," akasema.

Nilitazama bakuli.

"Mafuta ya jike ni matamu hivi. Alikuwa na mtoto?"

"Hapana, Baba."

Na nyuma ya mlango mtoto akalia. Chorongo mdogo analia kama filimbi iliyopasuka. Nyumba yetu ni kuta za mianzi, haina pa kuficha sauti.

Baba hakunitazama. Alisema, "Niletee."

Nilimleta. Baba alimweka juu ya kifua chake kitupu, na mtoto akashika alichokipata, ngozi ya mzee iliyolegea, akaikamata kwa ngumi mbili, akanyamaza. Mkia wake ukajizungusha kwenye kifundo cha mkono wa Baba. Walikaa hivyo mpaka mchana. Supu ilipoa ikaganda.

"Wangapi nimewaleta hivi nyumbani," Baba alisema. "Nikawapa mama yenu awafuge. Wewe ulicheza nao. Wote walikufa, na kila mara nilisema ni kuhara."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

14 Mei

Hataki kula. Anataka mtoto akae kifuani.

15 Mei

Baba amekufa leo adhuhuri, mvua ikinyesha juu ya paa kwa nguvu hata hatukusikia pumzi ya mwisho. Tulijua kwa sababu mtoto alianza kulia.

17 Mei

Tumemzika. Watu walikuja na pombe ya mihogo, wakacheza michezo ya msiba, wakamsimulia. Kila hadithi ilikuwa ya uwindaji. Absalón hakuinua macho. Mama Corina Cuji, kuraka wetu, mkuu wa kijiji, aliniona nina kitu ndani ya blauzi, kinapumua. Hakuuliza. Alinishika tu bega, akaliacha, na namna alivyoliacha ilinieleza kwamba ameshajua.

19 Mei

Nimempata Ximena kwenye redio ya upepo. Nilimwambia kuna mtoto wa chorongo, miezi mitatu. Sauti ilikuwa inakatika.

"Mama yake yuko wapi?"

"Amekufa."

Mlio mrefu wa redio. Kisha akasema maziwa ya unga, maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo kwa bomba la sindano, kila baada ya saa mbili, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Huko Puyo kuna mahali wanawalea. Ndege itamchukua ikitua.

"Ikitua," nikasema.

"Ikitua, Zoila."

22 Mei

Mvua. Ndege haikuja.

23 Mei

Anakunywa. Analala shingoni mwangu chini ya nywele, mkia umeshika mkono wangu. Mwisho wa mkia, upande wa ndani, hauna manyoya. Ni ngozi tupu yenye mistari kama kiganja. Ni ya moto. Naandika kwa mkono wa kushoto, hataki kuuachia wa kulia.

29 Mei

Mvua. Ndege haikuja.

4 Juni

Leo nimejaribu jambo. Nilimbeba nikapanda naye Kilima cha Chumvi. Nilifikiri pengine jike mwingine atamchukua, Baba aliwahi kusema ameona hivyo mara moja. Tangu siku ile sikuwa nimepanda.

Hawakuwa juu ya chemchemi ya pili. Niliwatafuta mpaka saa nane, nikawasikia mbali, upande wa miamba. Mtoto aliwasikia kabla yangu. Alitoka chini ya nywele, akapanda kichwani pangu, mwili wote ukitetemeka, akaita. Sijawahi kusikia kiumbe akiita hivyo. Na juu huko mmoja akamjibu.

Walikuja mpaka miti mitano kutoka tulipokuwa. Jike mmoja kijana alishuka tawi moja, la pili. Nilimwona vizuri, alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Nikainua mikono kumwinua mtoto juu ili aonekane.

Hapo ndipo waliponitambua. Dume mzee alitoa ile sauti ya hatari, chuk, chuk, akavunja tawi zima likaanguka mbele yangu, na wote wakaondoka. Msitu ulitikisika, kisha ukanyamaza. Mtoto aliendelea kuita. Aliita mpaka sauti ikakauka, akiwa ameshika nywele zangu kwa mikono yote miwili.

Sikuweza kuwahesabu.

9 Juni

Anahara.

10 Juni

Nilimpa maji ya majani ya mpera. Redioni Ximena alisema chumvi na sukari. Nimempa chumvi na sukari. Kiwanja bado tope. Absalón na mimi tulichimba mitaro pembeni yake kutwa nzima ili maji yatoke. Alipomaliza alinyoosha kidole, akamgusa mtoto kichwani kwa ncha tu, akaondoka haraka.

13 Juni

Mvua. Ndege haikuja.

14 Juni

Amekunywa mara moja.

16 Juni

Amekufa asubuhi. Alikuwa shingoni mwangu, sikujua mara moja, kwa sababu mkia ulikuwa bado umeshika mkono wangu.

19 Juni

Jua. Ndege imetua.

Ximena alishuka na kikapu chenye blanketi. Aliponiona akakiweka chini. Nilimpa daftari, nikamgeuzia upande huu wa nyuma, nikamwambia asome. Alisoma amekaa juu ya mzigo wake, kiwanjani, rubani akimhimiza. Alipofika mwisho alilifunga.

"Kwa nini umenionyesha?"

"Kwa sababu safu za mbele zingesema tu ishirini na mbili."

Alilia kidogo, mwanamke yule, kisha akanirudishia daftari. Alisema hajui kama kundi litaniamini tena. Alisema wanakumbuka.

4 Julai

Mkutano wa kijiji. Nyumba ya mkutano ilijaa mpaka watu wakakaa nje. Mama Corina alisema tu: "Kuna nyama iliyopikwa mwezi wa tano. Mwenye kusema aseme."

Absalón alisimama kabla sijapata nguvu ya kusimama.

"Ni mimi. Nilizunguka kilima siku tatu mpaka nikawapata. Hakuna aliyenielekeza. Dada yangu hakujua kitu mpaka nilipomletea."

Aliyasema akiwa ananitazama usoni, na macho yake yalikuwa yananisihi: kaa. Ningeweza kukaa. Watu walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa, wakimhurumia, mtu aliyemwindia baba yake. Nilifikiria Baba na ngozi yake ndani ya ngumi mbili ndogo.

Nikasimama.

"Anasema uongo kwa sababu ananipenda," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia mti. Alikwenda ng'ambo siku nne akakosa. Hawa aliwapata kwa sababu nilimwambia, na hawakumkimbia kwa sababu niliwafundisha kutokimbia. Mnajua yaliyobaki."

Kelele ilikuwa kubwa. Mzee mmoja alisema hata yeye angefanya vile kwa baba yake. Mwanamke mmoja akamjibu kwamba yeye watoto wake walikula wali mtupu miaka mitatu kwa sababu Zoila Dahua alisimama hapa akahubiri. Ni kweli. Nilihubiri.

Mama Corina aliacha watu wote wachoke. Kisha akasema: sisi wawili tutafyeka kiwanja cha ndege mpaka mwisho wa mwaka, na mimi si mlinzi wa kilima tena. "Nani atakwenda?" akauliza.

Hakuna mkono ulioinuka. Ni kazi ya kunyeshewa, na hakuna shukrani.

"Mimi," Absalón akasema.

Watu walicheka. "Atawalinda chunguni!" mtu akapiga kelele kutoka nje, na vicheko vikazidi. Absalón alisubiri viishe.

"Bunduki na sanduku la risasi nitaviweka kwa kuraka," akasema. "Nitakwenda na panga la njia tu. Mniwekee mtu wa kunifuata mkitaka."

Mama Corina alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akanyoosha mkono kuupokea ufunguo wa sanduku la risasi.

8 Julai

Absalón anajua kusoma kwa shida, kuandika hawezi. Kwa hiyo jioni anakuja hapa, anakaa, Norma ananiletea samaki, na Absalón ananisomea kutoka kichwani na mimi naandika kwenye safu za mbele. Leo alisema: "Saa tatu. Upande wa miamba. Wamekimbia."

"Walikuwa wangapi?"

"Nilisikia tu."

9 Julai

Wamekimbia.

12 Julai

Wamekimbia. Alirushiwa tawi, ana jeraha begani. Norma alimfunga, akimtania kwamba kima ana shabaha kuliko yeye. Tulicheka sote watatu, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha tukaacha.

15 Julai

Mvua ndogo. Wamekimbia.

18 Julai

Tumefyeka kiwanja kutwa. Alikwenda kilimani alfajiri kabla ya kazi. Wamekimbia.

21 Julai

Nilimwambia apumzike siku moja. Akasema, "Wewe ulipumzika?" Wamekimbia.

25 Julai

Leo alipomaliza kunieleza hakuinuka. Aliniuliza inachukua muda gani. Nikamwambia mimi ilinichukua miezi kumi na minne, na mimi sikuwa nimemuua mtu wao.

"Basi miaka," akasema.

"Labda."

"Na wasiponizoea kabisa?"

"Utakuwa umewalinda bila wao kujua."

Alifikiri. "Hiyo si mbaya," akasema, lakini sauti haikukubaliana naye.

30 Julai

Wamekimbia.

2 Agosti

Matunda yamekwisha kilimani, wameanza kula majani. Absalón amekuja mapema, bado ana tope magotini, akasimama mlangoni asiingie.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Andika. Saa nne, chini ya miamba. Nimewaona, si kuwasikia. Ishirini na wawili." Akatafuta maneno. "Kuna jike kijana. Alinitazama kwanza. Nilihesabu mpaka sita, bado ananitazama. Kisha akakimbia."

Nimeandika.